Dawa ya presha ya macho inapokuchoma: namna ya kutunza jicho kavu bila kuacha dawa

Huu ni mwaka wangu wa saba na glakoma, ile ambayo wengi hapa Moshi tunaiita presha ya macho. Miaka ya mwanzo asubuhi nilikuwa natia timolol, jioni natia tena, na usiku kabla ya kulala natia latanoprost. Mwaka wa pili ndipo macho yalipoanza kunisumbua. Nikiamka, kope zimegandana na ndani nahisi mchanga. Nikipanda bodaboda kutoka Kiboriloni kwenda mjini, machozi yananitiririka mpaka shingoni, halafu nikifika kibandani kwangu macho yamekauka na yanachoma kama nimeshika pilipili nikayapikicha. Jirani yangu akanihurumia: "Dada, hizo dawa ndizo zinazokuharibu. Ziache kidogo macho yapumzike."

Maneno hayo hayo aliambiwa baba yangu miaka mingi iliyopita, na aliyafuata. Macho yalimpoa kweli. Baada ya miaka michache akawa ananitambua kwa sauti tu. Nikimwamkia ndipo ananyoosha mkono kutafuta nilipo.

Kwa hiyo naomba hili lishike kabla ya hatua yoyote. Jicho kavu linatibika huku unaendelea na dawa ya glakoma. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haurudi, na glakoma inauua bila maumivu, ikianzia pembeni mwa uoni ambako huoni upungufu. Usiache dawa, usiruke siku, usipunguze matone, mpaka daktari wa macho anayekutibu aseme. Na hii presha ya macho si ile presha ya damu. Vidonge vya presha ya kupanda haviwezi kuchukua nafasi ya matone yako.

Kwa nini dawa inakausha jicho

Machozi si maji matupu. Ni utando mwembamba: chini kuna ute unaoshika kwenye kioo cha jicho, katikati maji, na juu mafuta yanayozuia maji yasikaushwe na upepo. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope, na kila ukipepesa yanapakwa upya.

Sasa chukua boksi la dawa yako, soma sehemu ya viambato. Kwenye chupa nyingi utakuta maneno benzalkonium chloride. Hicho ni kihifadhi. Kazi yake ni kuua vijidudu ili chupa ikishafunguliwa isiharibike haraka, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Ila tabia yake ni ya sabuni. Sabuni inavyoyeyusha mafuta kwenye sufuria, ndivyo kinavyovunja mafuta ya machozi. Na kikirudi siku baada ya siku kinachubua ngozi laini ya kioo cha jicho na kupunguza seli zinazotengeneza ute. Tone moja halina shida. Lakini mimi na matone yangu 3 kwa siku nilikuwa nafikisha matone 1,095 kwa mwaka katika kila jicho, na kuna wenzangu wenye chupa 3 na matone 5.

Dawa zenyewe nazo zina mchango wake. Timolol inaweza kupunguza hisia kwenye kioo cha jicho, na dawa za jamii ya latanoprost zinaweza kuvuruga vitezi vya mafuta. Ongeza umri, na kwa sisi wanawake ongeza kukoma hedhi.

Watu huniuliza jicho kavu linatoaje machozi. Utando ukishavunjika jicho linaungua, basi ubongo unaamuru maji mengi yamwagike kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta wala ute wa kutosha, kwa hiyo yanashuka mashavuni na jicho linabaki kavu vile vile.

Jipime kwanza

Jicho kavu huchoma, huhisi mchanga, huwa jekundu kiasi, na huona ukungu unaosafika ukipepesa mara mbili tatu. Jioni huwa baya zaidi, na mbele ya simu pia. Kama shida yako kubwa ni kuwashwa, yaani unataka kujikuna tu, na ngozi ya kope imevimba au inababuka, huenda ni aleji ya dawa yenyewe. Brimonidine, tone jingine la glakoma, inajulikana sana kwa hilo. Mlainisho hautaiponya aleji; rudi kliniki haraka ubadilishiwe dawa.

Hatua ya 1: Tone moja, mahali pake

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipopata nafuu ya kwanza na sikulipa hata shilingi. Nilikuwa natia matone mawili matatu "ili yaingie vizuri". Muuguzi mmoja alinishika mkono kliniki akaniambia nitie mbele yake. Tone la kwanza likaangukia shavuni, la pili kwenye kope, la tatu ndiyo likaingia, na ncha ya chupa ikagusa nywele za kope. Akasema taratibu, "Mama, jicho halina nafasi hata ya tone moja zima." Ni kweli: tone la chupa ni kubwa kuliko kiasi ambacho jicho linaweza kushika. La pili halikuongezei dawa, linakuongezea kihifadhi na kukumwagikia usoni.

Fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, au lala chali kama mkono unatetemeka. Inua uso, tazama dari. Kwa kidole cha mkono mmoja vuta kope ya chini kidogo ili kijimfuko kifunguke. Mkono wenye chupa uegemeze kwenye paji la uso usitikisike, na ncha ya chupa iwe juu ya kijimfuko bila kugusa jicho, kope wala kidole. Bana, tone moja lianguke. Likikosa kabisa, ndipo utie jingine.

Kisha fumba macho polepole, bila kuyakaza na bila kupepesa. Weka kidole kwenye kona ya jicho iliyo karibu na pua, bonyeza kiasi kwa dakika 2. Mimi huwa nasali Baba Yetu polepole mara nne. Kona hiyo ina tundu la kupitisha machozi kwenda puani na kooni. Ukiliziba, dawa inabaki jichoni inakohitajika na kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia mwilini. Kwa timolol hili ni muhimu sana kwa sababu inaweza kubana kifua na kupunguza mapigo ya moyo. Mwenye pumu au moyo unaopiga taratibu lazima daktari wake wa macho ajue hilo kabla hata ya tone la kwanza. Ukionja uchungu kooni baada ya kutia dawa, ujue kidole hakikuwa mahali pake.

Ukimaliza, futa kilichobaki kwenye kope na shavuni kwa kitambaa safi. Latanoprost ikibaki kwenye ngozi kila usiku inaweza kuifanya iwe nyeusi na kuotesha vinyweleo. Kama una chupa ya pili ya saa hiyo hiyo, subiri dakika 5 kamili. Ukiharakisha, tone la pili linaosha la kwanza.

Andika tarehe ya kufungua kwa peni ya wino usiofutika, juu ya chupa yenyewe. Dawa nyingi mwisho wake ni wiki 4 tangu kufunguliwa, hata kama zimebaki. Latanoprost isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa inaweza kukaa nje kwa wiki 6 mahali pasipozidi nyuzi 25. Moshi yetu ya Januari na Februari inapita nyuzi 25 mchana, kwa hiyo mwenye friji aiache humo, mbali na sehemu ya kugandisha. Asiye na friji anunue chupa moja moja na aihifadhi kwenye kona yenye kivuli na ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba. Dirishani na kwenye mkoba unaobebwa juani, hapana.

Hatua ya 2: Mlainisho wa macho

Haya ndiyo machozi ya bandia. Viambato vya kawaida ni carboxymethylcellulose au hypromellose. Ukitaja majina hayo kwenye famasi utaeleweka. Lakini geuza boksi usome. Kama na yenyewe ina benzalkonium chloride, unajiongezea sabuni ile ile juu ya ile ya dawa. Kama ndiyo pekee uliyoipata, isizidi mara 4 kwa siku. Mtu anayetia dawa za glakoma kila siku atafute isiyo na kihifadhi. Huuzwa katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja na kutupa, au katika chupa zenye valvu maalumu. Bei yake inauma, sitakuficha. Kama mfuko hauruhusu mwezi mzima, inunue kwa ajili ya miezi ya vumbi, nayo hatua ya kwanza na ya tatu zikusaidie muda wote.

Ratiba: dawa ya glakoma inatangulia, unasubiri dakika 10 hivi, ndipo mlainisho. Jeli au mafuta mazito ya macho yawe ya mwisho kabisa usiku, kwa sababu ukiyatanguliza dawa haitapenya. Yangu, nilipokuwa bado na chupa mbili, ilikuwa hivi: saa 12 asubuhi timolol, baada ya robo saa mlainisho, saa 6 na saa 10 mchana mlainisho peke yake, saa 12 jioni timolol, saa 3 usiku latanoprost, kisha jeli nikiwa tayari kitandani. Usitie mlainisho siku mbili ukaukatia tamaa. Kioo cha jicho kilichochubuka kinahitaji wiki kadhaa.

Duka la dawa lililotaka kunipofusha

Hili naliandika kwa uchungu. Kabla sijajua habari za mlainisho, nilikwenda duka moja la dawa nikasema macho yanachoma na ni mekundu. Muuzaji hakuniuliza natumia dawa gani. Alinipa kichupa cha antibayotiki iliyochanganywa na dexamethasone. Siku ya pili macho yalikuwa meupe kabisa, na nilimsifia yule kijana kwa kila mtu. Nikatumia mwezi mzima. Kliniki iliyofuata presha yangu, iliyokuwa 15, ilikutwa 27, wakati ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Daktari aliuliza swali moja tu: "Umeongeza dawa gani?" Nikatoa kichupa mkobani.

Dexamethasone, prednisolone, betamethasone na ndugu zao ni steroidi. Zinatuliza wekundu haraka, na kwa watu wengi wenye glakoma zinapandisha presha ya jicho. Usitie bila daktari wa macho kuandika na kupanga siku ya kukupima. Unaponunua tone lolote, tamka kwa sauti: "Nina glakoma, sitaki yenye steroidi." Epuka pia matone ya kung'arisha macho mekundu, na dawa ya ganzi usiiguse kabisa nyumbani, inaficha maumivu huku kioo cha jicho kinaharibika. Asali, maziwa ya mama, maji ya majani na mkojo vimeshaleta vidonda vingi vya macho katika vijiji vyetu. Bibi akikuletea, mshukuru kwa upendo wake, na usitie.

Vidonge vya aleji na mafua vinavyoleta usingizi, kama piritoni, navyo hukausha macho. Kama unavimeza kila siku, mtajie daktari.

Hatua ya 3: Joto kwenye kope

Chukua kitambaa safi cha pamba na maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, uyapunguze kwa ya baridi mpaka mkono wa ndani uyavumilie bila kushtuka, joto la maji ya kumwogeshea mtoto au zaidi kidogo. Kamua kitambaa, fumba macho, kiweke juu ya kope dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kila kinapopoa. Mafuta yaliyoganda kwenye vitezi yanalainika. Kisha kwa ncha ya kidole safi sugua kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake: ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu. Unasugua kope tu, usikandamize jicho. Aliyefanyiwa upasuaji wa glakoma asisugue mpaka amuulize daktari wake.

Mwisho futa mashina ya nywele za kope kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja kwa kila jicho. Wanja na kope za kubandika vipumzike. Mimi hufanya kila asubuhi kabla ya tone la kwanza, na siku nikiacha najua kufika saa 4.

Hatua ya 4: Vumbi, upepo na moshi wa kuni

Juni mpaka Oktoba mvua zimekatika, barabara za ndani zinafuka vumbi, na upepo wa bodaboda unakausha jicho kwa dakika chache. Vaa miwani inayokumbatia pembeni, hata ya bei ndogo, au kofia ngumu yenye kioo na ukishushe. Kwenye daladala kaa mbali na dirisha lililo wazi. Feni isikupulize usoni ukilala.

Jikoni ni pagumu zaidi. Mama anayepika kwa mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha anatia macho moshi mara mbili au tatu kwa siku. Kama gesi haijawezekana, tumia kuni zilizokauka kabisa, fungua mlango na dirisha, kaa upande upepo unakotoka, na usiupulize moto ukiwa umeinamia. Wenye simu na kompyuta, kila baada ya dakika 20 tazama mbali na upepese kwa kufumba kabisa mara kadhaa. Tukikodolea kioo cha simu tunasahau kupepesa. Anayevaa lensi za macho azitoe kabla ya tone na asubiri dakika 15 ndipo azirudishe.

Usikae nyumbani ukiona haya

Maumivu makali ya jicho, hasa yakija na kichwa na kutapika. Rangi za upinde wa mvua kuzunguka taa. Uoni kushuka ghafla. Usaha, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au mwanga kuuma kiasi cha kushindwa kufungua. Hayo siyo ukavu. Ni hospitali siku hiyo hiyo, si Jumatatu.

Hatua ya 5: Nenda kliniki na mfuko wa chupa

Beba kila chupa unayotia, hata ile ya duka unayoionea aibu. Sema wazi inachoma saa ngapi na umeruka siku ngapi. Ukidanganya kwamba hujaruka, daktari ataona presha iko juu, atadhani dawa imeshindwa, na atakuongezea chupa nyingine yenye kihifadhi. Anaweza kukugusisha karatasi yenye rangi ya machungwa na kukutazama kwa taa ya bluu. Utando wa machozi ukipasuka kabla ya sekunde 10 anajua haujakaa sawa, na penye mchubuko panang'aa kijani. Au atakutundikia vikaratasi kwenye kope ya chini kwa dakika 5 kupima machozi. Hakuna kinachouma.

Kisha uliza maswali haya bila woga. Je, chupa zangu mbili zinaweza kuwa moja? Kuna chupa zenye timolol na dorzolamide (dawa nyingine ya glakoma) pamoja, au timolol na latanoprost pamoja, na matone yakipungua kihifadhi nacho kinapungua. Je, dawa yangu inapatikana bila kihifadhi? Na je, leza inanifaa?

Hilo la leza lina jibu lililotoka hapa hapa kwetu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, ukilinganisha leza iitwayo SLT na matone ya timolol kwa wagonjwa wa glakoma. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yaliyotiwa timolol. Mwanga wa leza hiyo unaelekezwa kwenye mfereji wa kutolea maji ya ndani ya jicho, unamalizika kwa dakika chache na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Si kila aina ya glakoma inaikubali, nguvu yake hupungua kwa miaka na inaweza kuhitaji kurudiwa, na wengine bado watahitaji matone. Lakini kwa mtu ambaye macho yake yamechoka na chupa ni swali la kuuliza mapema. Kwa ndugu wa Arusha ni safari ya kilomita 80 hivi.

Chochote kitakachobadilishwa, omba tarehe ya kurudi kupimwa presha, na uende siku hiyo hata kama macho yametulia. Jicho lisilochoma linaweza kuwa na presha 27. Langu lilikuwa hivyo. Mimi walinihamishia kwenye chupa moja ya mchanganyiko, tone moja usiku, na mlainisho usio na kihifadhi mchana. Wiki ya sita ndipo nilipoamka kope hazijagandana. Nilikwenda kupimwa na mdogo wangu wa kiume, naye akae kwenye mashine, kwa sababu glakoma hutembea ndani ya ukoo na yeye hakuwa amepimwa hata mara moja.